Bekari isiyo na gluteni: mkate mbaya na tumbo kuvurugika ni kesi mbili

Swali: Miezi minne iliyopita niligunduliwa kuwa na siliaki, ugonjwa ambao utumbo huumizwa na gluteni, yaani protini ya ngano na jamaa zake, na tangu hapo sijatia mkate mdomoni. Nikasikia kuna bekari inayotangaza vitu visivyo na gluteni, nikaifuata mbali. Nilinunua mkate uliokatwa vipande, kroasani yenye krimu ya maziwa na kipande cha keki ya lozi. Keki ilikuwa tamu kweli. Kroasani ilikuwa nzito, inachuruzika mafuta. Mkate ndio ulionivunja moyo: kuupaka siagi tu umemeguka, mkavu, una chembechembe kama mchanga, na bei yake ingenunua mikate mitatu ya kawaida. Kwenye rafu hiyohiyo niliona mkate wa speliti. Muuzaji akaniambia umechachushwa siku mbili, kwa hiyo gluteni yote imeshaliwa na chachu, na hata wenye siliaki wanaununua. Huo sikuununua. Usiku tumbo likajaa gesi mpaka asubuhi. Je, niliuziwa ngano? Na mkate usio na gluteni ndivyo ulivyo, au hawa tu hawajui kuoka?

Jibu: Pole sana, dada yangu. Kusafiri kote huko na hamu ya miezi minne, halafu urudi na mfuko wa mkate uliosagika na tumbo linalounguruma, kunaudhi. Ila umefungua mashtaka mawili kwenye jalada moja, na hayo mawili hayana uhusiano. La kwanza ni kwamba mkate ulikuwa mbaya. La pili ni kwamba huenda haukuwa salama. Mkate mbaya unaweza kuwa salama kabisa, na mkate laini wenye harufu ya kukutoa udenda unaweza kukuumiza. Ulimi hauwezi kukuambia lolote kuhusu gluteni ya kiasi kinachomdhuru mgonjwa.

Na kama ni kutafuta ushahidi, basi mkate wako ulivyomeguka unawatetea kidogo. Mwokaji angekuwa amekubadilishia unga akakuokea wa ngano, mkate ungeshikamana. Kilichoukosesha kushikamana ni kukosa gluteni. Kwa hiyo sidhani umeuziwa mkate wa ngano. Swali linalobaki ni kama chembe za ngano, au za hiyo speliti, ziliingia humo kwa bahati mbaya. Chembe hizo hata zingekuwepo zisingebadilisha umbile la mkate.

Nianze na mkate ambao hukuununua, maana ndio ulionishtua kuliko yote.

Speliti ni ngano. Ni aina ya kale ya ngano, ina ladha nzuri inayokaribia ya karanga, na gluteni yake ni tele. Watu wengine wasio na siliaki husema inawakalia vizuri tumboni kuliko ngano ya kawaida, na hilo ni lao. Kwa mwenye siliaki ni marufuku, sawasawa na nafaka ya rai, shayiri, tritikali (chotara wa ngano na rai) na ngano nyingine zote za kale zinazouzwa siku hizi kwa majina ya kuvutia.

Sasa hii hadithi ya chachu kuila gluteni. Ndani yake mna ukweli mdogo, na ndiyo maana inasambaa. Bakteria wa chachu asilia huzalisha asidi, na katika mazingira hayo vimeng'enya huanza kuzikata protini za unga. Sehemu ya gluteni huvunjika kweli. Watafiti wa Italia waliwahi kutumia bakteria waliochaguliwa maalumu pamoja na vimeng'enya vya kuvu, wakaivunja gluteni ya unga wa ngano hadi chini kabisa. Lakini ile ilikuwa kazi ya maabara, yenye vipimo kila hatua, na unga uliotoka hapo haukuweza tena kuumuka wenyewe kama unga wa ngano. Mkate wa speliti ulioumuka vizuri rafuni maana yake gluteni bado imo humo inafanya kazi yake.

Tupige hesabu. Mkate wa kawaida wa ngano una gluteni ya takriban miligramu 50,000 kwa kila kilo. Kiwango cha kimataifa cha Codex, tume ya viwango vya chakula ya Umoja wa Mataifa, kilichorekebishwa mwaka 2008, kinataka chakula kinachoitwa kisicho na gluteni kisizidi miligramu 20 kwa kilo. Umoja wa Ulaya na Marekani hutumia kiwango hichohicho. Sasa tuseme chachu ya bekari ile ina nguvu za ajabu na imevunja asilimia 99 ya gluteni yote, jambo ambalo sitegemei litokee kwenye beseni la mwokaji yeyote. Inabaki miligramu 500 kwa kilo. Hiyo ni mara 25 ya kiwango.

Kuna jambo jingine kuhusu vyakula vilivyochachushwa ambalo wauzaji hawalijui: hata kuvipima ni shida. Vipimo vya kawaida hutafuta protini ikiwa bado nzima nzima, na ikishakatwakatwa vinaweza kutoa jibu la chini kuliko hali halisi. Kwa sababu hiyo Marekani mwaka 2020 ilitoa kanuni kwamba mwenye kutengeneza chakula kilichochachushwa, akitaka kukiita kisicho na gluteni, lazima aonyeshe kwamba malighafi zilikuwa hazina gluteni kabla ya kuchachushwa. Yaani kumwaga ngano ndani kisha kutegemea bakteria waisafishe hakukubaliki kisheria.

Muuzaji anaweza kuwa kijana wa kaunta tu anayerudia alichoambiwa. Simlaumu yeye. Ila sentensi ile imenieleza namna bekari nzima inavyofikiri. Anayeamini kwamba speliti iliyochachushwa ni salama kwa mgonjwa hana sababu ya kuitengea meza, kisu wala chekecheke yake. Na kama mkate ule unaokwa jikoni mulemule, basi unga wa speliti unamwagwa, unapepea hewani na kukaa juu kwa saa nyingi, kisha unatua juu ya trei, juu ya mizani, juu ya rojo ya mkate wako.

Watu wakisikia habari hii hufikiria kisu cha kukatia mikate, na kweli kisu kina hatia yake. Wako uliununua ukiwa umeshakatwa vipande, na mashine ya kukatia ni moja ya vitu vigumu kusafisha bekarini: ina safu za meno, chembe hujibana katikati, na haioshwi kwa maji kila mara. Mimi nikikagua jiko huanzia kwenye chekecheke. Wavu wake hauoshwi ukatakata. Halafu mbao za kusukumia, vikapu vya kuumulia mikate, brashi za kupakia mayai, na feni ya tanuri inayozungusha chembe kutoka trei ya juu hadi ya chini. Joto haliui gluteni. Si bakteria. Dawa ya kupulizia meza nayo haisaidii kitu. Kinachosaidia ni sabuni, maji na kusugua, na vifaa visivyosugulika viwe vya upande mmoja tu.

Kiasi chenyewe kinachodhuru ni kidogo kuliko mtu anavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa wa siliaki walipewa miligramu 50 za gluteni kila siku kwa siku 90, na vinyweleo vya utumbo wao, vile vidogo vinavyofyonza chakula, vikaonyesha madhara. Miligramu 50 zinapatikana katika gramu moja hivi ya mkate wa kawaida, zile chembe unazozipangusa mezani ukimaliza chai. Wataalamu wengi hushauri mgonjwa asivuke miligramu 10 kwa siku. Ukila gramu 100 za mkate wenye miligramu 20 kwa kilo, yaani ulio kwenye ukingo kabisa wa kiwango, umepata miligramu 2 tu. Kwa hiyo kiwango kina nafasi ya kutosha, mradi bekari inakifuata.

Sasa tumbo lako.

Gesi ya usiku mmoja haithibitishi kwamba ulikula gluteni, na hata tumbo lingenyamaza, isingethibitisha kwamba hukuila. Wapo wagonjwa wanaokula gluteni na wasihisi chochote huku utumbo ukiharibika. Wapo wanaotapika ndani ya saa chache. Tafiti za kuwapa wagonjwa gluteni chini ya uangalizi zimeonyesha kwamba kichefuchefu na kutapika, siku hiyohiyo, ni dalili zinazoelekeza kwenye gluteni zaidi kuliko gesi peke yake. Wewe umetaja gesi tu. Hiyo inanifanya niwatazame washukiwa wengine kwanza.

Mshukiwa namba moja kwangu ni krimu ya maziwa. Kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa hukaa kwenye ncha za vile vinyweleo vya utumbo, na ndizo zinazoliwa na siliaki mwanzo. Mtu aliyegunduliwa karibuni mara nyingi hawezi kuhimili maziwa vizuri, hata kama maisha yake yote alikuwa akiyanywa. Utumbo ukipona, baada ya miezi au zaidi, uwezo huo kwa wengi hurudi. Miezi minne ni mapema. Na mkate wenyewe huenda ulikuwa na unga wa maziwa, wengi huutia ili ganda lipate rangi.

Wa pili ni nyuzinyuzi na gundi zinazoshikilia mkate: maganda ya mbegu za siliamu, gundi ya zanthani, gundi ya guari, pengine na inulini inayotolewa kwenye mizizi ya chikori. Vyote hivi havina gluteni. Lakini inulini, hasa, ikifika kwenye utumbo mpana bakteria huishangilia, na gesi ndiyo matokeo. Mtu ambaye hajala mkate miezi minne kisha akala mkate wa namna hiyo, kroasani na keki siku moja, tumbo lina haki ya kulalamika. Unga wa dengu na wa maharagwe nao una tabia hiyohiyo.

Oti sijui kama zilikuwamo, kwa kuwa hukuzitaja, lakini uliza. Oti za kawaida huvunwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano na shayiri, kwa hiyo hubeba uchafu wa huko. Oti zilizotengwa tangu shambani wagonjwa wengi huzivumilia, ingawa wachache miili yao huikataa protini ya oti yenyewe. Australia na New Zealand haziruhusu kabisa chakula chenye oti kiitwe kisicho na gluteni. Kwa aliye mwanzoni kama wewe, madaktari wengi hupendelea asubiri mpaka hali itulie kwanza.

Ukiona kwenye orodha ya viambato "wanga wa ngano", usizimie. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba ngano ndiyo iliyokuwa ikiwaumiza watoto wenye siliaki. Tasnifu yake ni ya mwaka 1950, na kazi aliyoifanya na wenzake miaka michache baadaye ikabainisha kwamba kosa liko kwenye protini, wanga hauna hatia. Wanga uliooshwa vizuri hadi chini ya miligramu 20 kwa kilo unakubalika katika kiwango cha Codex. Ila lazima uwe ule maalumu, na lebo iseme wazi kwamba bidhaa haina gluteni. Mwokaji akikuambia ametumia wanga wa ngano alionunua tu dukani, funga mkoba uondoke.

Twende kwenye mkate wenyewe.

Unga wa ngano ukikutana na maji, protini zake mbili, gliadini na glutenini, hujisuka zikawa gluteni, utando unaonyumbuka. Hamira hutoa hewa, utando huvutika kama puto, kinyunga huumuka, na tanuri hukifanya kigande kikiwa kimejaa vitundu. Ukiondoa gluteni, umeondoa puto lote. Unabaki na wanga na maji, na hewa inayopanda hutoka juu na kupotea. Ndiyo maana mkate usio na gluteni haukandwi. Ni rojo nzito inayomiminwa kwenye kopo, na maji yake mara nyingi hulingana na uzito wa unga au huuzidi.

Mwokaji anayejua kazi hutafuta mbadala wa ule utando. Siliamu ndiyo inayopendwa zaidi siku hizi, maana ikiloa hutoa ute mzito unaovutika kidogo. Kuna pia aina ya selulosi (unga unaotokana na nyuzinyuzi za mimea) ambayo ina tabia ya kinyume: huganda ikipata joto na hulegea ikipoa. Mkate ukiwa tanurini, wakati hewa inataka kukimbia na wanga bado haujashika, selulosi hiyo huwa imeshajifunga na kuizuia. Mayai husaidia. Halafu unga wenyewe huchanganywa, kwa sababu hakuna unga mmoja unaotosha. Wa mchele peke yake ni mkavu, wanga wa muhogo peke yake hunata kwenye meno, wa dengu unaacha ladha ya udengu.

Zile chembechembe za mchanga ulizozihisi karibu bila shaka ni unga wa mchele uliosagwa kwa ukali, au rojo iliyoingizwa tanurini kabla unga haujapata muda wa kunywa maji. Nusu saa ya kusubiri hubadilisha mengi. Kuacha usiku kucha hubadilisha zaidi. Mwokaji aliyebanwa na oda huruka hatua hiyo, na mteja huitafuna.

Ukavu na kumeguka vina sababu nyingine, nayo ni saa uliyoununua. Wanga ukiiva kwenye tanuri huvimba na kulainika, na ukipoa huanza kujipanga upya, unakuwa mgumu na kuyaachia maji. Mkate wa ngano nao hupitia hayo, ila gluteni huuchelewesha uchakavu usionekane haraka. Mkate wa wanga mtupu huchakaa siku hiyohiyo. Uliookwa alfajiri jioni ni mzee. Na kinachouzeesha upesi kuliko chochote ni friji, kwa sababu wanga hujipanga kwa kasi zaidi katika baridi ya friji kuliko kwenye joto la chumba. Nimeona bekari nyingi zikiuweka mkate usio na gluteni kwenye kabati la baridi kwa nia njema, wakidhani wanaulinda. Kama wako ulitoka kwenye kabati la baridi, nimeshapata jibu lako.

Dawa ipo. Kwenye friza kazi hiyo ya wanga husimama, na ukiupasha mkate zaidi ya nyuzi 60 hivi wanga hulainika tena kwa muda. Bekari bora za aina hii huuza mkate ukiwa umekatwa na kugandishwa, na humwambia mteja aupashe kipande kwa kipande. Hawaoni aibu kuuza mkate wa friza, kwani ndio ulio bora. Nyumbani fanya hivyohivyo, kwa tosta ambayo haijawahi kutiwa mkate wa ngano.

Kwa hiyo kuhusu swali lako la mwisho, hapana, mkate usio na gluteni si lazima uwe vile. Hautakuwa mkate wa ngano, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Ganda lake huwa tofauti, na nyama yake hubana zaidi. Lakini unatakiwa upakwe siagi bila kuvunjika, ukunjike kidogo kabla ya kukatika, na usikwaruze ulimi. Uliouziwa wewe ulikuwa mbovu.

Kroasani, hapo nitamtetea mwokaji. Kinyunga cha kroasani husukumwa na siagi, hukunjwa, husukumwa tena, hadi zipatikane tabaka nyembamba nyingi. Ukikunja mara tatu, kila mara kwa tatu, unapata tabaka 27 za siagi. Kila tabaka la unga linatakiwa livutike bila kupasuka. Bila gluteni hupasuka, siagi hupenya na kutoka, na tanurini kroasani hujikaanga katika mafuta yake. Wapo wanaoitengeneza vizuri, ni wachache, na hutumia muda na vifaa ambavyo duka dogo halina. Mimi siiagizi. Na wala siipimi bekari kwa kroasani yake.

Keki ya lozi ilikuwa tamu kwa sababu haikupoteza chochote. Keki ya namna ile hushikwa na mayai, sukari na mafuta ya lozi, na hata kwa mwokaji wa ngano unga huwa kidogo au haupo. Makaroni ya lozi (vibiskuti, si tambi), meringi (ute wa mayai uliopigwa na sukari ukaokwa), keki ya chokoleti isiyo na unga, hivi vyote vilikuwa hivyo tangu zamani. Ukiingia bekari usiyoijua, anza na hivyo. Mwokaji mzuri wa keki na mkate mbaya si ajabu, ni ufundi mbili tofauti.

Bei sitaijadili sana. Unga uliosagwa kwenye kinu kilichotengwa ni ghali, vipimo vya maabara vina gharama, na mikate inaokwa michache kwa siku. Ghali hiyo ni halali pale tu kazi hiyo inapofanywa kweli. Kulipia utengano ambao haupo ni wizi, hata kama mkate ungekuwa mtamu. Na usidhani kwamba bei inaleta lishe: mikate hii mingi ni wanga tu, ina nyuzinyuzi na protini kidogo, na mara nyingi haiongezwi foleti na madini ya chuma kama unga wa ngano unavyoongezwa katika nchi nyingi. Vitafute kwenye vyakula vingine.

Mkate uliobaki usiule. Siogopi ubaya wake, naogopa mashine iliyoukata.

Mweleze daktari wako kilichotokea, lakini usitegemee kipimo cha damu cha kesho kukupa jibu. Kingamwili hupanda na kushuka polepole, mlo mmoja hauonekani humo. Kipimo hicho hutumika kutazama mwenendo wa miezi, na bila shaka umeshapangiwa cha kurudia. Kama gesi inaendelea kila ukinywa maziwa, jaribu kuyaacha wiki chache kwa ushauri wake uone. Kama inaendelea bila kujali unachokula, hilo nalo alijue.

Na kabla hujaamua kurudi, wapigie simu asubuhi, kabla wateja hawajajaa, uombe kusema na anayeoka, si wa kaunta. Usimuulize "je, ni salama?", maana kila mtu atasema ndiyo. Muulize jikoni mwao mnaingia unga gani mwingine. Muulize speliti inaokwa wapi, siku gani, na nini kinafanyika baina yake na mkate wako. Muulize chekecheke wana ngapi. Muulize kama wamewahi kupeleka mkate maabara, lini mara ya mwisho, na namba iliyotoka ilikuwa ngapi. Anayefanya kazi hii kwa dhati hufurahia maswali hayo, wengine hutoa na karatasi. Anayekasirika ameshakujibu.

Akikuambia speliti wanaletewa imeshaokwa kwingine, imefungwa kwenye mfuko, na haifunguliwi ndani, basi ugomvi wangu na wao unabaki kwenye kauli ya yule muuzaji, na wanaweza kuirekebisha kwa kumfundisha. Nenda, chukua keki, na mkate uombe ambao haujakatwa, uliogandishwa siku uliyookwa. Akisema speliti inachanganywa mezani palepale, ila "tunafuta vizuri", basi na ile keki ya lozi iache.